Monsinyori Georges Lemaître, Padri Aliyechunguza Mwanzo wa Nyota

Katekista anapoeleza sehemu ya kwanza ya Kanuni ya Imani, ile inayomhusu Mungu Baba, Muumba wa mbingu na nchi, mara nyingi hutokea kijana mmoja aliyekwisha kusoma shule mjini Bukavu akauliza neno zito. Shuleni amefundishwa kwamba ulimwengu wote ulianza zamani sana katika hali ya joto kali na ya kubanana, kisha ukatanuka, na kwamba nyota zilitokea baadaye, kidogo kidogo. Basi amsadiki nani, mwalimu au katekista? Wazee huguna. Wengine hudhani kwamba habari hiyo ilitungwa na watu wasiomcha Mungu, ili kuibomoa dini. Kabla ya kumjibu kijana huyo yafaa tujue kwanza ni nani aliyeileta habari yenyewe. Alikuwa padri. Alivaa kanzu, alisoma Misa, alisali sala za mapadre kila siku, akafa katika Kanisa alimozaliwa. Jina lake ni Georges Lemaître.

Alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika Charleroi, mji wa Ubelgiji wenye machimbo ya makaa ya mawe na viwanda vya vioo. Baba yake, Joseph, alikuwa na kiwanda cha vioo, lakini kiwanda hicho kiliteketea kwa moto, na mwaka 1910 jamaa yote ikahamia Brussels. Mtoto alisomeshwa na mapadre Wayesuiti, wa shirika lile lile linaloongoza Collège Alfajiri hapa Bukavu. Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi alikwisha kuamua mambo mawili kwa pamoja: atakuwa padri, na atakuwa mtu wa elimu ya hesabu na maumbile. Baba yake hakumkataza, ila alimshauri asubiri, asome kwanza. Akamtii. Mwaka 1911 akaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kujifunza kazi ya uinjinia.

Mwezi wa Agosti 1914 Wadachi waliingia Ubelgiji kwa vita. Georges aliacha vitabu akajiandikisha jeshini kwa hiari yake pamoja na ndugu yake Jacques. Alipigana kwanza pamoja na askari wa miguu, halafu katika kikosi cha mizinga, katika matope ya mto Yser. Mwaka 1915 alikuwako karibu na Ypres Wadachi walipofungulia hewa ya sumu juu ya mahandaki, na watu wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Alipopata nafasi kati ya mapigano alisoma Biblia na vitabu vya elimu ya maumbile. Vita vilipokwisha mwaka 1918 alipewa nishani ya ushujaa. Lakini hakurudi tena kwenye uinjinia. Mtu aliyeona mambo kama yale huenda hapendezwi tena na hesabu za madaraja na mashimo ya makaa. Yeye alitaka kuchimba zaidi. Akajitia katika hesabu tupu, akapata udaktari wake mwaka 1920, na mwaka ule ule akabisha hodi katika seminari ya Malines.

Askofu Mkuu wa Malines wakati ule alikuwa Kardinali Mercier, naye mwenyewe alikuwa mtu wa elimu kubwa. Alimruhusu mseminari huyo asome, pamoja na teolojia, fundisho jipya la Albert Einstein juu ya uzito, nafasi na wakati, ambalo siku zile watu wachache tu duniani walilielewa. Tarehe 22 Septemba 1923 Kardinali mwenyewe akampa daraja takatifu ya upadri. Siku chache baadaye padri mpya alivuka bahari kwenda Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Arthur Eddington, bingwa wa elimu ya nyota, ambaye naye alikuwa Mkristo wa kundi la Waquaker. Mwaka uliofuata alikwenda Marekani, kwenye nyumba ya kuchungulia nyota ya Harvard.

Hapa yanipasa kusimama kidogo nieleze alichokwenda kutafuta, maana bila hivyo maisha ya padri huyu hayaeleweki.

Wakati wa kiangazi, mawingu yanapoondoka juu ya Ziwa Kivu, yeyote anayekaa mbali na taa za mji huona usiku mkanda mweupe unaokata anga toka upande huu hata upande huu. Mkanda huo ni nyota, nyingi mno hata jicho haliwezi kuzitenga. Jua letu ni mojawapo. Nyota hizo zote, zaidi ya miliardi mia moja (na miliardi moja ni milioni elfu), ni jamii moja inayozunguka pamoja, nayo wataalamu huiita galaksi. Je, hiyo galaksi yetu ndiyo ulimwengu wote? Hata mwaka 1924 wataalamu wengi walikuwa bado wakibishana. Angani kuna mawaa madogo ya ukungu. Moja huonekana upande wa kaskazini, hata kwa macho matupu, katika miezi ya mwisho ya mwaka, kama mvua ikikubali. Wengine walisema ni mavumbi yaliyo karibu. Mwanzoni mwa mwaka 1925, Padri Lemaître akiwa bado Marekani, ilitangazwa kwamba Edwin Hubble, kwa darubini kubwa ya California, amepima umbali wa ukungu ule wa kaskazini, naye ameuona uko nje kabisa ya jamii yetu. Ni galaksi nyingine. Leo twajua kwamba nuru yake husafiri miaka milioni mbili na nusu kabla ya kutufikia, na kwamba galaksi za namna hiyo hazihesabiki.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Vesto Slipher, alikuwa amekwisha kuona jambo la ajabu. Nuru ya karibu galaksi zote imeelekea upande wa wekundu. Ili kulifahamu jambo hili, sikilizeni honi ya lori linalopita barabarani. Linapokuja, sauti yake ni nyembamba. Likiisha kupita na kwenda zake, sauti inakuwa nene. Nuru nayo hufanya kitu kinachofanana na hicho: ya chombo kinachotukimbia hugeuka kuelekea wekundu. Galaksi zatukimbia, basi. Lakini kwa nini zitukimbie sisi? Tumezitenda nini?

Padri Lemaître alirudi Louvain mwaka 1925 kuwa mwalimu, na mwaka 1927 akatoa jibu katika gazeti la wataalamu wa Brussels ambalo watu wa nje hawakulisoma sana. Alisema kwamba hakuna anayemkimbia mwingine. Ni nafasi yenyewe iliyo kati ya galaksi inayotanuka. Mama akikanda unga wa ngano wenye chachu na kutia karanga ndani, unga ukiumuka kila karanga huachana na wenzake wote, wala hakuna karanga inayoweza kusema kwamba yeye ndiye wa katikati. Na zile zilizo mbali zaidi huonekana kuachana kwa kasi zaidi, kwa sababu kati yao mna unga mwingi zaidi unaoumuka. Padri alitoa hayo yote katika hesabu za Einstein, akayalinganisha na vipimo vya darubini, akapata hata kiasi cha mwendo wenyewe. Kiasi hicho kilizidi cha leo karibu mara tisa, kwa sababu umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa vema, lakini njia ilikuwa ni hiyo hiyo.

Mrusi mmoja, Alexander Friedmann, alikuwa ameona mwaka 1922 kwamba hesabu za Einstein zaruhusu ulimwengu unaotanuka. Lemaître hakuwa na habari zake, na Friedmann hakuzifunga hesabu zake na galaksi za angani. Kuzifunga pamoja ndiyo kazi ya padri.

Einstein hakupendezwa. Walipokutana Brussels mwaka 1927 katika mkutano wa wataalamu, alikiri kwamba hesabu za padri hazina kosa, lakini akamwambia wazi kwamba wazo lenyewe lamchukiza. Einstein alitaka ulimwengu uliotulia, usio na mwanzo wala mwisho. Wengine walimshuku padri kwamba anaingiza Kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Mtu mwingine angalikasirika, au angalijiona mdogo mbele ya bwana mkubwa kama yule. Yeye alirudi Louvain akaendelea kufundisha.

Mwaka 1929 Hubble alitangaza vipimo vyake vilivyoonyesha kwamba galaksi, kadiri zilivyo mbali, ndivyo zinavyotuacha upesi. Mwaka 1930 Eddington alikumbushwa andiko la mwanafunzi wake wa zamani, akaona haya kwa kulipuuza, akafanya bidii litafsiriwe kwa Kiingereza. Lilipotoka mwaka 1931 sehemu yenye kile kiasi cha mwendo haikuwamo. Watu walishuku kwamba kuna mtu aliyeifuta ili sifa zote zimwendee Hubble. Mwaka 2011 ilijulikana barua ya padri mwenyewe, nayo yaonyesha kwamba ndiye aliyetafsiri na ndiye aliyeiacha sehemu hiyo, kwa kuwa vipimo vipya vilikwisha kupatikana na vya kwake havikuwa na faida tena. Kwa maoni yangu tendo hilo dogo la mezani, lisiloonwa na mtu kwa miaka themanini, lamweleza kuliko nishani zake.

Mwaka 1931 akapiga hatua ya pili, iliyo kubwa zaidi. Ikiwa galaksi zaachana leo, basi jana zilikuwa karibu zaidi, na juzi karibu zaidi tena. Ukirudi nyuma vya kutosha wafika mahali ambapo vyote vilikuwa pamoja katika kitu kimoja. Akakiita atomi ya kwanza, iliyopasuka ikagawanyika, na kwa kugawanyika huko ikaleta vyote tuvionavyo. Eddington mwenyewe hakulipenda wazo la mwanzo. Miaka baadaye, mwaka 1949, Mwingereza Fred Hoyle, aliyelikataa fundisho hilo, alisema katika redio kwamba ni habari ya mshindo mkubwa tu. Na jina hilo likashika mpaka leo, ingawa haukuwa mshindo wa kusikika, wala hapakuwa na mahali pa nje ambapo mtu angeweza kusimama akautazama.

Lakini ulimwengu uliotanuka ulipataje galaksi? Mbona haukubaki ukungu mmoja uliotapakaa sawasawa pote? Swali hili padri alilifanyia kazi katika miaka ya 1930. Alifikiri kwamba mahali pengine vitu vilikuwa vizito kidogo kuliko pengine. Pale palipozidi, uzito wa vitu wenyewe ulivivuta virudiane. Kutanuka kukapungua, kukasimama, halafu vitu vikaanza kuangukiana na kukusanyika, huku ulimwengu wa pande zote ukiendelea kutanuka. Ni kama mvua inyeshapo shambani: kibonde kidogo hukusanya maji, na maji yakilainisha udongo kibonde huzidi kuwa kirefu, hata kikawa dimbwi. Mfano huu wachechemea, maana angani hakuna juu wala chini. Lakini kwamba penye kingi huvuta zaidi, hilo ni kweli. Alipewa kichache, naye akaona mbali.

Wataalamu wa leo wameyaongeza mengi. Wasema kwamba ulimwengu una miaka karibu miliardi 13.8. Katika mamia ya kwanza ya mamilioni ya miaka hewa nyepesi, hasa haidrojeni, ilijikusanya penye uzito mkubwa wa kitu kisichoonekana, ambacho hata sasa hakuna ajuaye ni kitu gani. Nyota za kwanza zikawaka. Galaksi ndogo zikaundwa, zikagongana, zikaungana kuwa kubwa. Galaksi yetu imezimeza nyingi ndogo, na ingali ikizimeza. Ndani ya nyota kulipikwa makaa, hewa tunayovuta na chuma cha jembe. Nyota zilipokufa zilivimwaga, na kwa mavumbi hayo zikafanyika nyota mpya na dunia. Darubini iitwayo James Webb, iliyorushwa siku ya Noeli ya mwaka 2021, yaona galaksi zilizokuwako wakati ulimwengu ulikuwa na miaka milioni mia tatu tu. Yawezaje kuona mambo ya zamani? Mtu akikata mti kilima cha pili, waona shoka likishuka, na mlio wake wakufikia baadaye. Nuru nayo, ijapokuwa ya haraka mno, yahitaji wakati. Nuru ya mbali sana huja na sura ya siku ilipotoka.

Sasa turudi kwa lile swali la darasani, maana Padri Lemaître aliulizwa lilo hilo maisha yake yote, na siku moja lilimtia katika shida kubwa.

Tarehe 22 Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alihutubia wataalamu wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake tangu mwaka 1936. Katika hotuba hiyo Baba Mtakatifu alionyesha furaha kwamba elimu ya siku hizi, kwa kugundua mwanzo wa ulimwengu, yaelekea kuishuhudia ile saa ambayo Mungu aliagiza nuru iwe. Wakatoliki wengi walishangilia. Padri Lemaître hakushangilia, alihuzunika. Fundisho lake lilikuwa bado ni wazo la wataalamu, lisilothibitishwa, na wenye kulikataa walikuwa wengi. Kama likionekana kesho kuwa na kosa, je, watu hawatasema kwamba imani nayo imeanguka? Na kuna sababu iliyo ndani zaidi. Yeye alitenga mwanzo na uumbaji. Mwanzo ambao mtaalamu autafuta ni hali ya kwanza ya vitu, vinavyopimika. Uumbaji ni tendo la Mungu la kuvipa vitu vyote kuwako, jana, leo na kila saa, na tendo hilo halipimwi kwa darubini. Anayehesabu matofali ya nyumba na kueleza lipi lilitangulia hajasema bado nani aliyetaka nyumba iwepo. Padri alipenda kufikiri kwamba Mungu amejificha katika viumbe vyake, na kwamba heshima yatutaka tusimvute nje kwa nguvu ya hesabu. Biblia, kwa maoni yake, ilitolewa ituonyeshe njia ya wokovu. Kuitafutia habari za nyota ni kuiomba kitu isichoahidi.

Je, padri ampinge Papa? Hakuandika gazetini, wala hakulalamika hadharani. Mwaka 1952 wataalamu wa nyota wa dunia nzima walikuwa wakutane Roma mwezi wa Septemba, na Baba Mtakatifu angewahutubia. Kabla ya hapo Lemaître alipita Roma akazungumza na Padri Daniel O'Connell, Myesuiti, mkuu wa nyumba ya kuchungulia nyota ya Vatikano, akamweleza hofu yake. Siku ilipofika Pio XII aliwahutubia wataalamu wale kwa heshima na elimu nyingi, lakini hakulirudia lile neno la kuufunga mwanzo wa galaksi na Kitabu cha Mwanzo. Wala hakumkasirikia padri. Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya Lemaître mkuu wa Akademia hiyo, na mwaka huo huo akapewa cheo cha monsinyori.

Waliomjua husimulia kwamba alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kikubwa kilichosikika mbali. Alipenda kupiga kinanda na kula vizuri. Alikuwa mmoja wa mapadre wa udugu uitwao Marafiki wa Yesu, ulioanzishwa na Kardinali Mercier, akashika nadhiri zake, na kila mwaka alijitenga siku kumi katika kimya na sala. Alisaidia pia wanafunzi Wachina waliofika Louvain. Mashine za kwanza za kuhesabu zilipotoka alizishughulikia kama mtoto mwenye kitu cha kuchezea, hata katika uzee wake. Chuo chake cha Louvain ndicho kilichozaa Lovanium, kilichofunguliwa Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1954, ambako Wakongo wengi walipata elimu ya juu.

Katika jambo moja alikosea. Alidhani kwamba miale fulani yenye nguvu inayoipiga dunia toka angani ndiyo mabaki ya ile atomi ya kwanza, akaihesabu kwa miaka mingi pamoja na Manuel Vallarta, mtaalamu wa Mexico. Sivyo, miale hiyo hutoka kwingine. Lakini mabaki yalikuwako kweli. Mwaka 1964 na 1965 Wamarekani wawili, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa wakitumia chombo cha kunasa mawimbi ya redio huko New Jersey, wakasikia mvumo usiokoma, sawasawa toka pande zote za anga. Walisafisha chombo, wakafukuza hata njiwa waliojenga ndani, mvumo haukuondoka. Ulikuwa joto lililobaki toka ujana wa ulimwengu, lililopoa kwa kutanuka.

Monsinyori Lemaître wakati huo alikuwa mgonjwa. Moyo wake ulikuwa umedhoofika tangu mwisho wa mwaka 1964, kisha akashikwa na ugonjwa wa damu. Mwezi wa Juni 1966 msaidizi wake wa zamani, Odon Godart, alikwenda kumtazama hospitalini Louvain, akamweleza habari za mvumo ule. Mgonjwa alisikia, akafahamu, akafurahi. Akafa tarehe 20 Juni 1966, mwenye umri wa miaka 71, akazikwa Marcinelle, karibu na Charleroi. Mwaka 2018 wataalamu wa nyota wa dunia walipiga kura, wakakubali kwamba ile sheria ya galaksi kuachana, iliyoitwa kwa jina la Hubble peke yake, tangu sasa iitwe kwa majina mawili, la Hubble na la Lemaître.